Hamilton Russell Pinot Noir: usiinunue iliyokaa juani

Chupa ya kwanza ya mvinyo huu mwekundu aliniletea shemeji yangu mwezi wa nane, akitoka Cape Town. Alikuwa ameiviringisha kwenye suruali mbili za jinzi ndani ya begi. "Shemeji, hii usije ukaichanganya na soda," akaniambia.

Mimi ni mtu wa mvinyo wa Dodoma, tena ule mtamu, kwa hiyo nilitegemea kitu kizito. Nilipomimina nikajua shemeji amepigwa. Rangi nyepesi mno, ukishika glasi unaona vidole vyako upande wa pili. Kisha nikaonja. Mlikuwa na zambarau mbivu, na nyuma yake ile harufu inayopanda kutoka ardhini matone ya kwanza ya mvua yakidondoka. Una uchachu wa kujaza mate mdomoni, lakini ulimi haukakamai kama mtu aliyekula bibo. Tulikuwa na kitimoto cha kuchoma na ndizi, nikagundua kila nikipiga funda mafuta yanaondoka mdomoni na nyama inakuwa tamu upya. Pilipili weka mbali, inaua ladha yote.

Shamba lenyewe liko bonde la Hemel-en-Aarde, karibu na mji wa Hermanus, Afrika Kusini, kule watu wanakokwenda kutazama nyangumi. Jina la bonde kwa Kiafrikana maana yake ni mbingu na nchi. Tim Hamilton Russell alinunua eneo hilo mwaka 1975 kwa kuwa alikuwa anatafuta sehemu yenye baridi, na wanajulikana kwa aina mbili tu: Pinot Noir nyekundu na Chardonnay nyeupe. Baridi hiyo inatoka baharini. Sisi wa Coco Beach upepo wa bahari unatuachia jasho na chumvi, ila bahari ya kule ni baridi kweli, na upepo wake unaingia bondeni kuipoza mizabibu. Zabibu zinaiva taratibu, uchachu haupotei. Dodoma jua linatosha kuvuna mara mbili kwa mwaka, kule wanavuna mara moja. Sijaacha kuipenda Dodoma, lakini hivi ni vinywaji viwili tofauti kabisa.

Sasa chupa ya pili. Desemba niliikuta kwenye duka moja la vinywaji hapa Dar, nikalipa karibu laki mbili bila kusita. Ilikuwa imesimama rafu ya juu, pembeni ya dirisha, na mnajua jua la Desemba. Nyumbani nilipokata ile karatasi ya shingoni nikakuta kizibo kimepanda kupita mdomo wa chupa, na pembeni kunanata. Mvinyo umegeuka kahawia kama chai ya rangi. Ladha ikawa ya zambarau zilizochemshwa na sukari, uchachu umekwisha. Niliirudisha. Kijana wa dukani akaniambia, "Dada, mvinyo ukikaa ndiyo unakuwa mzuri." Hela sikurudishiwa. Iliniuma sana, na si kwa ajili ya hela peke yake. Watu wametafuta bonde la baridi, wametunza zabibu mwaka mzima, halafu kazi yao yote inachemkia kwenye rafu yetu.

Shamba silipunguzii hata nyota moja kwa hilo, nalipatia tano. Ila kama unanunua Dar, kabla ya kulipa shika chupa. Ikiwa ya moto, iache. Uliza kama kiyoyozi kinawaka hata usiku duka likifungwa. Bonyeza juu ya kizibo kwa kidole gumba, ukihisi kimevimba, iache pia. Nyumbani ilaze chini kabisa kwenye friji, itoe robo saa kabla ya kunywa. Usisubiri ifikie joto la sebuleni, maana joto letu la Dar ndilo lililoharibu ile ya kwangu. Glasi mimina nusu tu, iliyobaki rudisha kwenye friji, na chupa ikishafunguliwa imalize siku hiyo au kesho yake.

Shemeji anakwenda tena Cape Town mwezi wa tatu. Nimeshampa hela ya chupa mbili, na nimemnunulia deli dogo la kuziwekea ndani ya begi.