The Sandpiper (1965): mchungaji kachepuka, moto hamna

Jamani mi muvi za zamani nazipenda sana ila hii imeniangusha. Ukiona majina tu unasema leo ipo kazi, Elizabeth Taylor na Richard Burton, tena wameoana 1964 baada ya ile skendo yao iliyoandikwa kila gazeti maana walianza kila mtu akiwa na ndoa yake, dairekta Vincente Minnelli, kwenye skripti yumo Dalton Trumbo. Watu wamefanya mambo yenyewe kweli kweli halafu mbele ya kamera wamepoa hivyo, sijui hata niseme nini.

Stori ni hivi, Laura ni mchoraji, anamlea mwanae peke yake ufukweni Big Sur, California, ndoa hataki kanisa hataki. Dogo anampiga risasi paa, hakimu anaamuru apelekwe shule ya bweni ya kanisa, na mkuu wa shule ndo Burton, mchungaji mwenye mke wake. Hapo ushajua kinachofuata.

Shida wanaongea mno! Kila wakikutana mjadala, mara Mungu, mara uhuru wa mwanamke, yaani jamaa anachepuka huku anahubiri. Halafu kuna kandege kamevunjika bawa, Laura anakauguza mpaka karuke, sawa tumeelewa, sasa mbona mnatukazia hivyo kama tuna mtihani kesho. Na huyo msanii asiyejali dunia muda wote nywele na meikapu viko sawa, upepo wote ule wa bahari.

Kilichoniuma zaidi ni mama mchungaji, Claire, kacheza Eva Marie Saint. Scene anayojua mumewe ana mtu mwingine ndo nilikaa vizuri kwenye kiti, maana ye haongei falsafa, ameumia tu, na unamwona ameumia. Ila wamempa nafasi ndogo, wakarudi kwa wale wawili na hotuba zao. Sasa mapenzi ya watu watatu mmoja mmemficha jikoni, mvutano utoke wapi? Mwishoni mwanaume anaacha kazi anaondoka zake peke yake, na mi wala sikujali kaenda wapi.

Big Sur ni pazuri balaa, hilo siwanyimi, ingawa scene nyingi za ndani walienda kushutia Paris. Wimbo wake The Shadow of Your Smile ulibeba Oscar na ulistahili. Nyota mbili kati ya tano, moja ya wimbo, nyingine ya mama mchungaji.