Uzoefu wangu na kikamulio cha jeki: mwaka mzima wa saida ya matufaha na mapeasi Njombe

Kama una matufaha au mapeasi yanayoozea chini ya miti na umeanza kufikiria kununua kikamulio, nunua. Ila hela ya kwanza ipeleke kwenye mashine ya kusagia. Nimevitumia vyote viwili kutengeneza saida, yaani pombe ya matufaha na mapeasi, kuanzia kuvuna hadi kujaza chupa, na naona watu wengi wanalipindua jambo hili: wanaweka fedha yote kwenye jeki na fremu nzito, halafu matunda wanayaponda kwa mchi.

Kikamulio changu kimetengenezwa na karakana ya kuchomelea iliyopo Makambako. Ni fremu ya chuma yenye kimo cha kifuani, jeki ya chupa ya tani 6 kama zile za kuinulia magari, sinia pana la kukingia juisi, vichanja vya mbao na vitambaa vya kufungia matunda yaliyosagwa. Nililipa shilingi 420,000. Mashine ya kusagia ni sanduku lenye ngoma ya mbao iliyopigiliwa skrubu za stenlesi pande zote, inazungushwa kwa mkono, shilingi 310,000. Uzuri wa jeki ni kwamba ikifa, nyingine unaipata duka lolote la vipuri kwenye barabara ya Tanzam siku hiyohiyo. Kikamulio cha kuagiza nje kikivunjika skrubu utasubiri hadi matunda yaishe.

Sasa kuhusu kusaga. Tufaha zima, hata ulibane kwa tani kumi, litapasuka tu na kukugomea. Juisi imo ndani ya vijichembe vya tunda, na lazima vichanwe kwanza. Kwa mashine yangu, kilo 20 za matufaha zinanipa lita 12 hivi. Jirani yangu anayetwanga kwenye kinu, tukitumia kikamulio hikihiki na matunda ya mti uleule, anapata lita 8, siku njema 9. Hizo lita tatu au nne zinabaki kwenye machicha, nguruwe wanazila. Ukubwa unaotakiwa ni vipande vya milimita 3 hadi 5. Ukisaga laini zaidi ya hapo inakuwa rojo inayoziba kitambaa, na ukiendelea kubana inaruka pembeni na kukuchafua uso.

Kupanga matunda kwenye kikamulio ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Unaweka kichanja kwenye sinia, juu yake kitambaa, unamimina matunda yaliyosagwa hadi unene wa vidole vitatu, unakunja pembe nne za kitambaa kuelekea katikati, unaweka kichanja kingine, unaendelea hivyo hadi tabaka la tano. Kabla hujagusa jeki, juisi imeshaanza kutiririka kwa uzito wa tabaka zenyewe. Ukianza kupampu, pampu mara mbili tatu kisha acha. Mlio wa mchuruziko ukipungua, pampu tena. Mwenye haraka anapasua vitambaa. Mimi natumia kitambaa chepesi cha pazia, kile cha nailoni kinachopitisha mwanga, kwa sababu hakinywi juisi na kinafulika. Chini ya jeki naweka sahani ya bati, maana jeki za chupa huvuja mafuta, na tone moja la mafuta ya haidroli linatosha kuharibu dumu zima.

Lalamiko langu ni moja, na ni kubwa. Sinia lililokuja na mashine lilikuwa la chuma cha kawaida kilichopakwa rangi. Nilihoji siku ya kuchukua, fundi akaniambia, "Dada yangu, hii ni rangi ya magari, haitoki." Ilitoka. Juisi ya matufaha ina asidi, ikala rangi kwenye pembe za kuchomelea, chuma kikabaki wazi, na juisi iliyopita hapo ikawa nyeusi yenye ladha ya chuma mdomoni. Hiyo haiponi hata ukiitunza miezi sita. Nilimrudishia sinia, tukabishana, mwisho akakubali kutengeneza la stenlesi na mimi nikaongeza shilingi 65,000. Kwa maoni yangu sikupaswa kuongeza kitu. Kifaa cha chakula kikiuzwa na sehemu inayogusa chakula haifai, hicho hakijakamilika. Vichanja, kwa upande mwingine, alivifanya vizuri: mbao za mninga, zimepigwa randa, hazina vanishi. Alikuwa ametaka kutumia paina, ambayo huku kwetu ni rahisi kwa sababu ya msitu wa Sao Hill, lakini paina ina utomvu na saida inaunasa.

Wengi wanaosoma maelekezo ya kutengeneza saida wanasoma ya Uingereza, hasa ya Somerset na Herefordshire, na kalenda yao haitufai. Wao huvuna na kukamua kuanzia Septemba hadi Novemba au Desemba, hivyo juisi inaingia kwenye baridi moja kwa moja na inachacha taratibu kipindi chote cha kipupwe chao. Kwetu miti inachanua Agosti na Septemba baada ya baridi, matunda yanaiva kuanzia Desemba hadi Machi, katikati ya mvua. Maana yake juisi yetu inaanza kuchacha kipindi cha joto la mvua, na baridi kali inakuja baadaye, Juni na Julai, pombe ikiwa imeshatulia. Hii inabadilisha mambo mengi. Mwanzoni lazima uilinde na joto, nami madumu yangu nayaweka kwenye chumba cha sakafu ya saruji upande usiopigwa na jua. Mwishoni baridi inakusafishia bure, kwa sababu mashapo yanazama yenyewe na saida inang'aa bila kuchujwa.

Mvua ina shida yake pia. Tunda lililoanguka kwenye tope naliosha mara mbili, na lenye kuoza hata kidogo silisagi. Ukungu unaoozesha matufaha hutoa sumu iitwayo patulini, na kuoshwa hakuiondoi. Watu husema "si litachacha tu?" Mimi nalitupa. Na kabla ya kuchuma napima ukomavu kwa ayodini ya dukani, ile ya kupaka vidonda: kata tufaha katikati, tia tone. Likigeuka bluu ya kuelekea weusi, wanga bado haujawa sukari, subiri. Likibaki rangi ya kahawia ya dawa yenyewe, vuna. Matufaha yaliyovunwa nayaacha kwenye chaga wiki moja au mbili yalainike kidogo, yanakamulika vizuri zaidi.

Aina tunayoipata kwa wingi Njombe na Makete ni Anna, na karibu yake kunapandwa Dorset Golden ili maua yachavushane. Anna ilizalishwa Israeli kwa ajili ya nchi zisizo na baridi ndefu, ndiyo maana inazaa huku. Ni tufaha la kula, tamu, lakini kwa saida lina upungufu: halina ule ukakasi unaofanya pombe iwe na mwili. Ukichachusha Anna peke yake unapata kinywaji chepesi kinachopita kooni bila kuacha habari. Dawa yake tunayo hapahapa. Chemsha majani ya chai meusi yawe makali sana, yapoe, kisha ongeza kikombe kimoja kwa dumu la lita 20. Chai ina tanini ileile ya ukakasi inayotafutwa kwenye matufaha ya saida, na ya Mufindi au ya Rungwe inafaa kabisa. Asidi naipima kwa karatasi za pH. Namba ikiwa kubwa, asidi ni ndogo: ikiwa juu ya 3.8, nakamulia ndimu hadi ishuke, kwa sababu juu ya hapo bakteria wabaya wanapata nafasi.

Hamira ninayotumia ni ya mvinyo, aina ya EC-1118, pakiti ya gramu 5 inatosha dumu la lita 20. Si hamira ya mandazi. Hii inavumilia kuanzia nyuzi joto 10 hadi 30, kwa hiyo usiku wa Njombe hauisimamishi. Kabla ya hamira naweka vidonge vya Campden, vya salfaiti ya kuua vijidudu, kimoja kwa kila lita 4 na nusu, nasubiri saa 24 ndipo naiweka. Vyote viwili naagiza Dar es Salaam, vinakuja na basi. Dumu liwe la maji ya kunywa. Dumu la njano lililokuwa na mafuta ya kula, hata ulisugue kwa majivu na maji ya moto, harufu inarudi.

Haidromita, kipimo cha sukari iliyomo kwenye juisi, nunua, ni kijiti cha kioo tu na bei yake si kubwa. Juisi yangu ya Anna husoma kati ya 1.046 na 1.050. Ikianza 1.048 ikaishia 1.000, unazidisha tofauti hiyo kwa 131 na kupata kileo cha asilimia 6 na kidogo. Bila kipimo hiki hujui kama kuchacha kumeisha au kumelala tu kwa baridi, na tofauti hiyo ndiyo inayopasua chupa.

Mapeasi ni somo jingine, na hapa kikamulio nakipa alama ndogo zaidi. Mapeasi tunayopata kwenye miti mikongwe ya Makete ni magumu, yana chengachenga, na yana ukakasi wa kukunja ulimi, jambo ambalo kwa pombe ni zuri. Lakini yakishasagwa yanateleza. Tabaka likizidi vidole viwili linahama upande mmoja na mnara wote unapinda. Fremu yangu haina vyuma vya pembeni vya kushikilia vichanja, na kwa mapeasi ingepaswa kuwa navyo. Nimefunga vyuma viwili vya pembe mwenyewe kwa bolti, sasa inasimama.

Peasi pia haliningojei. Linaanza kuoza kwenye kiini, nje likiwa bado zuri, kwa hiyo linachumwa likiwa gumu, linaivishwa ndani ya nyumba, na siku linapolainika karibu na kikonyo ndiyo siku ya kusaga. Yakishasagwa nayafunika yalale usiku kucha kabla ya kukamua, ukakasi uliozidi unapungua na pombe inabaki angavu baadaye. Na usishangae haidromita ikigoma kushuka chini ya 1.008 au 1.010. Mapeasi yana sukari iitwayo sobitoli ambayo hamira haiwezi kuila, hivyo pombe ya mapeasi inabaki na utamu wake wa asili. Sobitoli hiyohiyo inalainisha tumbo. Mgeni mwambie mapema, glasi mbili zinatosha.

Juni naihamisha kwa mpira kutoka kwenye mashapo kwenda dumu safi, nalijaza hadi shingoni hewa isikae. Julai, asubuhi zile ambazo nyasi zinakuwa nyeupe kwa sakitu, silisogezi kabisa. Agosti, joto likianza kurudi, najaza chupa. Sukari ni gramu 6 kwa lita, kwenye chupa nene za bia. Chupa moja ya kila mkupuo naijaza kwenye plastiki ya soda: naibonyeza kila siku, ikishakuwa ngumu najua na za kioo zimepata gesi, nazipeleka mahali pa baridi.

Mjomba wangu, ambaye amegema ulanzi, pombe ya mianzi, maisha yake yote na anaujua kwa kunusa mbeta, chombo chake cha kukingia, tu, aliionja ya matufaha akauliza kwa nini niliisubiri hadi Agosti. Ulanzi unaugema asubuhi na jioni unanyweka, kwake miezi mitano ni kuwanyima watu. Nikampa ya mapeasi. Hiyo akaomba chupa ya kwenda nayo, na akaniambia miti miwili ya mapeasi iliyopo nyuma ya nyumba yake, aliyotaka kuikata kuni, haikatwi tena.

Mimi natengeneza kwa ajili ya nyumbani na shughuli za ukoo. Anayetaka kuuza ajue kuna leseni, kuna shirika la viwango TBS na kuna stempu za kodi za mamlaka ya mapato TRA, na mashine ya kubana kwa mkono kama hii haitamtosha: siku nzima ya watu wawili ni lita 80 hadi 100, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa kuzungusha ngoma. Kwa familia au kikundi kidogo chenye miti yake, inatosha kabisa.

Agiza Septemba au Oktoba. Kuanzia Novemba karakana zinajaa oda za mageti na madirisha ya watu wanaotaka kuhamia kabla ya Krismasi, na matufaha hayatamsubiri fundi. Kwenye karatasi ya makubaliano andikeni, kabla hujatoa kianzio: sinia na skrubu za ngoma ni stenlesi, vichanja ni vya mninga usiopakwa kitu, fremu ina vyuma vya pembeni vya kushikilia vichanja. Nenda na sumaku mfukoni siku ya kuchukua. Ikishika sinia kwa nguvu, huenda hiyo si stenlesi uliyolipia, na usipakie kitu kwenye gari.