Pikapu au van? Magari ya mizigo kwa biashara ndogo, kuanzia la kununua kwanza hadi la kuacha

Kabla hujaenda yadi, jiulize jambo moja: mzigo wako ukinyeshewa, unapata hasara? Anayesambaza unga, mikate, nguo, vifaa vya shule au saruji atajibu haraka kwamba anapata. Anayebeba mchanga, kuni, mabati, ndizi au mbuzi hana wasiwasi huo. Jibu hilo peke yake linamaliza nusu ya ubishi wa pikapu na van, na kwa wafanyabiashara wengi wa mjini linaangukia kwenye van, gari la mizigo lililofunikwa, ingawa wengi wao huingia yadi macho yakiwa kwenye pikapu ya Toyota Hilux.

Bei nayo ina historia yake. Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa yanatoka Japani, na huko van za mizigo zimejaa. Hilux ni habari nyingine: Toyota iliacha kuiuza Japani mwaka 2004, ikairudisha 2017 tu. Kwa hiyo Hilux nyingi za miaka hiyo zilizopo kwetu ama zilitoka Thailand, Afrika Kusini au Uingereza, ama ziliuzwa mpya hapa hapa kwa mashirika na ofisi za serikali. Ni chache, zinagombewa, na muuzaji anajua hivyo. Fedha inayokupatia Hilux iliyochoka mara nyingi inakupatia van ya HiAce ambayo bado ina nguvu.

Orodha hii nimeipanga kwa mtu mwenye gari moja tu na mtaji wa kuhesabu, ambaye siku nyingi anatembea kwenye lami. Penye tope mpangilio unabadilika, na nitasema wapi.

1. Toyota HiAce ya mizigo

Hili ndilo la kwanza, na nimelipa nafasi hiyo bila kusita. Toleo lililoanza 2004, lile la bodi ya kawaida, lina urefu wa mita 4.7 na upana wa mita 1.7. Ndani yake, lile la viti vya mbele tu lina sakafu ya mita 3 kutoka mgongo wa kiti hadi mlango wa nyuma. Pikapu ya milango minne ina urefu wa zaidi ya mita 5.2, lakini sehemu ya mzigo ni kama mita 1.5 tu. Gari fupi zaidi linabeba mzigo mrefu mara mbili. Ukiwa unahangaika kupata pa kuegesha Kariakoo, hiyo tofauti utaiona kila siku.

Uwezo wake ni kama tani moja, yaani mifuko 20 ya saruji. Mlango wa ubavuni unakuwezesha kushusha mzigo wa mteja wa tatu bila kugusa ule wa mteja wa kwanza, na sakafu iko chini kiasi kwamba wabebaji hawavunji migongo. Jioni unafunga mlango na kuondoka. Kwenye foleni hakuna kibaka atakayechomoa katoni nyuma yako.

Lina mipaka yake pia. Paa la kawaida linaacha nafasi ya ndani ya kama mita 1.3, kwa hiyo friji kubwa haisimami wima, na friji kuilaza njia nzima si vizuri. Ukiuza friji au makabati tafuta la paa la juu. Mbao za futi 12 hazitatosha bila kuacha mlango wazi au kufunga keria. Harufu ya samaki ikishaingia ndani haitoki kirahisi. Anayechukua samaki soko la Feri atafute pikapu na aweke juu yake boksi la barafu.

Kwenye injini, kama safari zako ni fupi za mjini, chukua injini ya petroli ya lita 2.0, yaani 1TR. Inatumia cheni ya taimingi na haina mambo mengi. Dizeli za 2KD (2.5) na 1KD (3.0) zina nguvu nzuri zikiwa na mzigo kwenye milima kama Kitonga, lakini noseli zake hazivumilii mafuta machafu, na zinatumia mkanda wa taimingi ambao ukikatika unaharibu injini. Muulize muuzaji mkanda ulibadilishwa lini. Akibabaika, ingiza gharama ya mkanda mpya kwenye hesabu yako ya bei.

Kubwa kuliko yote: usinunue daladala iliyovuliwa viti. Inua zulia, angalia sakafu. Ukikuta matundu ya bolti yaliyozibwa, na vizingiti vya mlango wa ubavuni vimelika, hilo gari limeshapandwa na abiria wa kutosha. Inua na kiti cha mbele, maana injini iko chini yake, ukague uvujaji wa oili na maji.

2. Toyota TownAce, Nissan Vanette na Mazda Bongo

Haya ni madogo kuliko HiAce, na kwa anayeanza na mtaji mdogo, hapa ndipo pa kuanzia. Kuna ya boksi na kuna ya bodi wazi, na mimi ningechukua ya bodi wazi. Mbavu zake tatu zinashuka, kwa hiyo unapakia kutoka upande wowote, jambo ambalo hata Hilux ya kawaida haikupi. Turubai nzuri na kamba vinatatua sehemu kubwa ya tatizo la mvua, ila tatizo la wizi vinaliacha palepale. TownAce ya kuanzia 2008 ina injini ya petroli ya 1.5, na mzigo wake halali hauvuki sana kilo 800. Vanette na Bongo za miaka ya 2000 ni gari moja lenye majina mawili, lililotengenezwa na Mazda. Spea za hili zinaingiliana na za lile, na hilo litakupunguzia mzunguko wa kutafuta spea.

3. Hilux au Isuzu D-Max ya kebini moja

Hapa ndipo mpangilio unapopinduka. Kama unachukua nyanya Ilula, vitunguu Mang'ola au viazi vijiji vya ndani vya Njombe, na masika inakukuta huko, hili ndilo la kwanza na HiAce inashuka hadi ya tatu. Chasi yake imejitenga na bodi, tumbo liko juu, na yenye kuvuta magurudumu manne itatoka mahali ambapo van itasubiri trekta. Sehemu ya mzigo ya kebini moja ina kama mita 2.3, uwezo ni kama tani moja, na matenga unayapanga kwa kwenda juu bila paa kukuzuia.

Kwenda juu huko ndiko kunakoua pikapu nyingi. Mizani za barabara kuu zinalenga magari yanayozidi tani 3.5, kwa hiyo mwenye pikapu hupita bila kuulizwa, akaongeza springi na kupakia tani mbili. Springi zinavumilia. Breki, beringi na chasi vimebaki vile vile vya kiwandani. Unapokagua pikapu iliyotumika, lala chini utazame chasi nyuma ya kebini: ukiona imechomelewa au imepinda, achana nayo hata kama rangi inang'aa. Hesabu na springi. Zilizoongezwa zinakueleza gari lilivyotumika kuliko kilomita za kwenye dashibodi.

Kwa walioko Kenya, D-Max inaunganishwa Nairobi, na mtandao wa spea zake ni mzuri. Kumbukeni pia kwamba gari lililotumika haliruhusiwi kuingia Kenya likiwa limevuka miaka 8.

4. Kirikuu

Suzuki Carry na ndugu zake zina injini ya cc 660 na kwa sheria za Japani zinabeba kilo 350, sawa na mifuko saba ya saruji. Kwa maji ya chupa, mayai, gesi za mitungi na vichochoro vya Manzese, ni gari zuri lenye gharama ndogo. Tatizo ni kwamba kwetu linabebeshwa mara mbili ya hapo kila siku. Kama unajua moyoni kwamba utalizidishia, nunua TownAce.

5. Toyota Probox

Ni gari la kusambaza vitu vidogo: simu, vipodozi, spea, mikate. Kilo 400 basi. Linatumia mafuta kidogo na Jumapili familia inapanda.

6. Pikapu ya milango minne

Nimeiweka mwisho nikijua wengi wataudhika. Ni gari zuri la meneja wa mradi au mkandarasi anayebeba watu wanne na vifaa vyao. Kwa mfanyabiashara wa mzigo, ndilo ghali kuliko yote na lina sehemu fupi ya mzigo kuliko pikapu zote nilizozitaja hapo juu, na mzigo unanyeshewa isipokuwa ukiongeza kanopi, ambayo nayo ni gharama. Fedha inayobaki ukichukua HiAce badala yake inaweza kuwa shehena yako ya kwanza.

Ukishachagua, fanya haya kabla ya kulipa. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, uone kodi ya gari la mwaka huo, maana umri wa gari unaweza kugeuza bei rahisi ya Japani kuwa ghali bandarini. Mwambie wa bima waziwazi kwamba gari ni la biashara; ukikata bima ya matumizi binafsi, siku ya ajali wana sababu ya kukataa kulipa. Ukipanga kubeba mizigo ya watu kwa malipo, utahitaji leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini ya Tanzania. Nenda na tepu upime nafasi kati ya matao ya matairi ya nyuma, maana ndipo mzigo mpana unapokwama. Nenda na fundi wako mwenyewe, asiwe wa kutajiwa na muuzaji, mfike asubuhi injini ikiwa ya baridi, na muombe kulijaribu kwenye mlima likiwa na mzigo.