if au switch: ipi ina kasi zaidi kwenye lugha ya programu ya C?
Mnyororo wa if na else hukaguliwa kwa mpangilio. Thamani inayoangukia sharti la 20 hulipia kwanza ukaguzi 19 usioizalishia kitu. switch, amri inayochagua kwa thamani moja, ikiwa na namba zinazofuatana, tuseme 0 hadi 19, kompaila (programu inayotafsiri msimbo kwa lugha ya mashine) mara nyingi huigeuza kuwa jedwali la anwani za sehemu za msimbo, na prosesa huruka moja kwa moja hadi panapotakiwa. Namba zikiachana mno, kama 3, 900 na 70000, jedwali halifai tena.

Hata hivyo, usikimbilie kuandika upya if zako zote: tangu toleo la 11 la mwaka 2021, kompaila maarufu ya GCC yenyewe inaweza kuugeuza mnyororo huo kuwa switch. Kwa masharti mawili matatu mimi hubaki na if, nikitanguliza lile linalotimia mara nyingi.