Kupunguza uzito wa baiskeli mjini Moshi: karakana inayopima kabla ya kutoza

Mjini Moshi hakuna uhaba wa mafundi baiskeli wanaoweza kuziba pancha, kunyoosha ringi na kubadilisha gololi ukiwa umesimama pembeni unasubiri, lakini ni wachache mno wanaomiliki mizani. Karakana ninayoizungumzia, iliyo mwendo mfupi kutoka Soko la Mbuyuni, imeifanya kazi ya kupunguza uzito kuwa huduma inayojitegemea, na kwa yeyote anayepanda Kibosho au Marangu kwa baiskeli ya milimani naipendekeza, pamoja na dosari zake.

Kinachoitofautisha ni utaratibu wake. Kabla ya bei kutajwa, fundi huitundika baiskeli nzima kwenye mizani ya ndoano, kisha hufungua vifaa kimoja kimoja na kuvipima juu ya mizani ndogo ya jikoni, huku akiandika katika daftari lenye safu tatu: uzito wa kifaa cha zamani, uzito wa kipya, na shilingi ambazo mteja atalipa kwa kila gramu inayoondoka. Safu hiyo ya tatu ndiyo inayomlinda mteja. Baiskeli yangu, yenye fremu ya aluminiamu, magurudumu ya inchi 29 na breki za diski zinazovutwa kwa waya, ilikuwa na kilo 14.6. Stendi peke yake ilikuwa na gramu 400, na kuiondoa hakukunigharimu hata shilingi.

Mzigo mkubwa ulikuwa kwenye uma wa mbele. Shokapu za bei nafuu hutengenezwa kwa springi na mabomba ya chuma. Yangu ilikuwa na kilo 2.7, na katika mlima wa lami kazi yake kubwa ilikuwa kubonyea kila niliposimama juu ya pedali, nguvu ya miguu ikapotelea humo. Uma mgumu usio na springi, wa kromoli (aloi ya chuma), uliochukua nafasi yake una kilo 1.1. Hapa ndipo fundi hujulikana, kwa sababu uma hauchaguliwi kwa uzito tu. Alipima urefu kutoka ekseli hadi chini ya shingo ya fremu nikiwa nimekaa kitini, yaani shokapu ikiwa imebonyea kiasi chake cha kawaida, akatafuta uma unaokaribia kipimo hicho. Uma mfupi kupita kiasi huishusha baiskeli mbele, huufanya usukani ugeuke haraka mno kwenye mteremko, na huzisogeza pedali karibu na mawe. Akahakikisha pia kwamba breki ya diski ina mahali pake pa kufungiwa, na alipokata bomba la uma aliacha sentimita mbili za ziada zilizojazwa kwa spesa, yaani pete za kuinua usukani, maana bomba likishakatwa halirudi, na mgongo wa mtu hubadilisha mawazo kuhusu kimo cha usukani.

Matairi yalifuata. Ya zamani yana waya wa chuma ukingoni. Mapya, yanayokunjika kwa sababu ukingo wake ni wa aramidi, nyuzi nyepesi na imara, yaliondoa takriban gramu 220 kila moja. Kulikuwa na mepesi zaidi, lakini fundi alikataa kuyafunga, akasema mpira wake ni mwembamba mno kwa miiba ya njia zetu za vumbi, na nadhani alikuwa sahihi. Tyubu za kawaida zilibadilishwa kwa za TPU, ambazo ni plastiki nyembamba inayonyumbulika, na zote mbili kwa pamoja zimepunguza gramu 270. Zina masharti: huzibwa kwa viraka vyake maalumu, na hazipendi joto, kwa hiyo mwenye breki zinazobana ringi anayeshuka kutoka Kibosho akiwa amezishikilia muda wote afikirie mara mbili. Bomba la kiti la kaboni liliondoa gramu 130 nyingine. Lilipakwa dawa yake ya kuzuia kuteleza badala ya grisi, na kukazwa kwa spana inayopima nguvu, kifaa ambacho karakana nyingi hazina.

Jumla, baiskeli sasa ina kilo 11.8. Faida yake inaweza kukadiriwa kwa kalamu. Mimi na baiskeli ya zamani tulikaribia kilo 90, na kwenye mlima mkali, ambako upepo si kikwazo kikubwa, muda hupungua takriban kwa uwiano wa uzito, hivyo kilo 2.8 ni sawa na kama dakika mbili katika saa moja ya kupanda. Kwenye barabara tambarare tofauti haionekani kabisa, kwani huko adui ni upepo. Mwepesi wa kuahidi miujiza atakwambia gramu za gurudumu huhesabiwa mara mbili. Jambo hilo hukaribia ukweli unapoongeza mwendo, lakini ukipanda kwa mwendo ule ule, gramu ni gramu.

Dosari zipo. Vifaa havikai dukani, bali huagizwa Dar es Salaam au Nairobi, na ahadi ya wiki moja huweza kuzaa ya pili. Risiti niliyopewa ilikuwa na jumla tu, bila kutenganisha vifaa na ufundi, jambo la ajabu kwa mtu mwenye daftari safi namna ile. Mwenye breki za mafuta pia atalazimika kwenda kwingine, kwa kuwa hapa hawazihudumii.

Kijana msaidizi alinishawishi niongeze boliti za titani, ambazo zingepunguza gramu 40 kwa bei inayozidi ya tyubu zote mbili. Nilikataa. Hata baiskeli za Tour de France hazishuki chini ya kilo 6.8, kwa kanuni ya UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, iliyopo tangu mwaka 2000, na kwa wengi wetu gramu 40 ni maji tunayoyabakiza chupani. Magurudumu mepesi niliyouliza mwishoni fundi mwenyewe hakunishauri: alisema spoku 32 zibaki zilivyo mpaka ringi za sasa zitakapochakaa, na hapo nitarudi kwake.