Joe Montana au Tom Brady: nani kwotabeki bora zaidi?

Katika futiboli ya Marekani, kwotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Tukihesabu mataji tu, mjadala umekwisha: Tom Brady ana mataji 7 ya Super Bowl, fainali ya ligi ya NFL, Joe Montana ana 4. Lakini Montana hakupoteza fainali hata moja. Katika zote 4 alirusha pasi 11 za tachidauni (bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani), na hakuna mpira wake hata mmoja ulionaswa na wapinzani. Brady alishindwa fainali 3.

Zama nazo zina uzito wake. Miaka ya 1980, enzi za Montana, walinzi waliweza kumvamia kwotabeki kwa namna ambayo leo ni faulo ya wazi. Brady alinufaika na sheria za kumlinda kwotabeki zilizokazwa baadaye. Hata hivyo, 49ers, timu ya Montana, ambayo baadaye ilimpata mpokeaji pasi nyota Jerry Rice, haikubanwa na ukomo wa jumla ya mishahara ya kila timu ulioanza 1994.

Kwa fainali moja ya kufa na kupona, mpira ningempa Montana. Ila mkuu wa wote kwangu ni Brady: aliyechaguliwa wa 199 timu za NFL zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2000, aliyetoka nyuma 28–3 kwenye fainali akaishinda Atlanta, na aliyetwaa taji na Tampa Bay akiwa na miaka 43.