Mafuta ya Kujipaka Mwilini: Yapi Yanafaa Ngozi Yako

Kwa miaka kadhaa nilinunua losheni ile ile kwa ajili ya harufu yake. Najipaka asubuhi, kabla ya saa sita mchana miundi imeshapauka. Nikipitisha ukucha, unabaki mstari mweupe. Siku nilipogeuza chupa na kusoma yale maandishi madogo ya nyuma ndipo nilipoelewa. Maji yalikuwa ya kwanza, alkoholi ya pili, manukato hayakuwa mbali, na gliserini imewekwa mkiani. Nilikuwa nanunua maji yanayonukia.

Kabla ya kuchagua, ipime ngozi yako. Oga, jikaushe, usipake chochote, kaa nusu saa. Ikivuta na kupauka, ni kavu. Iking'aa kifuani na mgongoni, ni ya mafuta. Watu wengi wana vyote viwili, miguu mikavu na mgongo wenye mafuta, kwa sababu tezi za mafuta ni nyingi mgongoni na kifuani lakini ni chache sana kwenye miundi. Kama ngozi huwasha au huwaka kila ukibadilisha sabuni au mafuta, basi ni nyepesi kudhurika, na hilo litangulie mengine yote unapochagua.

Kisha jifunze kusoma lebo. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi, na vile visivyofika asilimia 1 huweza kupangwa kwa mpangilio wowote mwishoni. Kuna alama moja inayonisaidia sana: kihifadhi kinachoandikwa phenoxyethanol. Katika Umoja wa Ulaya hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1, na watengenezaji wengi wa kwingineko nao hukaa humo humo. Kwa hiyo kiambato kinachosifiwa kwa herufi kubwa mbele ya chupa, ukikikuta nyuma ya kihifadhi hicho, ujue kimetiwa kidogo sana. Siagi ya shea na asali ndivyo ninavyovikuta huko mara nyingi.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ninachokipendekeza kwa wengi.

La kwanza ni krimu nzito isiyo na manukato, yenye gliserini na keramidi. Gliserini huvuta maji na kuyashikilia kwenye tabaka la juu la ngozi. Keramidi ni mafuta ambayo ngozi yenyewe huyatengeneza ili kuziba nafasi kati ya seli zake. Yakipungua, maji hutoroka na viwashaji huingia. Ndiyo maana krimu ya namna hii humfaa mwenye ngozi kavu, mwenye ukurutu, mzee ambaye ngozi yake imepunguza mafuta, na hata yule asiyejua ngozi yake ni ya aina gani. Uzito wake upime kwa mkono: weka kidogo kiganjani, kisha ukigeuze. Krimu ya kweli haidondoki. Ila uwe macho na maneno. Chupa inayosema haina harufu si lazima iwe haina manukato, kwa kuwa mengine hutiwa ili kufunika harufu ya malighafi. Tafuta neno parfum au fragrance kwenye orodha. Likiwepo, manukato yamo.

La pili ni mafuta ya mgando, yale ya aina ya Vaseline ambayo mkemia Robert Chesebrough aliyawekea hataza Marekani mwaka 1872. Katika kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi hayajapata mshindani. Hayana maji ndani yake, hivyo hayahitaji vihifadhi, na yale yasiyotiwa harufu ni nadra kumletea mtu mzio. Kwa visigino vyenye magaga, viwiko, na vidole vilivyopasuka kwa kuosha vyombo, mimi siangalii kitu kingine. Kasoro yake ni kwamba hayaongezi maji, yanafunga tu yaliyopo. Ukiyapaka juu ya ngozi iliyokauka, umefunga ukavu. Hunata na huchafua mashuka. Tena nguo au shuka lililolowa mafuta haya hushika moto upesi, na kufua hakuyatoi yote, kwa hiyo anayejipaka kwa wingi akae mbali na moto, mishumaa na sigara.

La tatu, losheni yenye urea, ningeliweka la kwanza kwa mwenye miguu yenye magamba au vipele vidogo vigumu nyuma ya mikono ya juu. Hapa asilimia ndiyo kila kitu. Urea ya asilimia 5 hadi 10 hulainisha na kushika maji. Kuanzia 20 huanza kumenya ngozi iliyokufa, nzuri kwa nyayo. Ile ya asilimia 40 ni ya kucha na sugu, isipakwe mwili mzima. Kwenye ngozi iliyochubuka huuma, na mtoto mdogo asipakwe bila ushauri wa daktari.

Losheni nyepesi ya pampu au jeli naiweka ya nne. Ni ya mwenye ngozi ya mafuta, anayetoka chunusi mgongoni, au anayeishi kwenye joto la unyevu ambako krimu nzito hugeuka jasho. Hakikisha gliserini imo miongoni mwa viambato vitano vya mwanzo.

Mwisho, mafuta ya mimea. Najua wengi watapinga, maana tunaamini kitu cha asili hakidhuru. Siagi ya shea ni nzuri, na ningeipandisha juu kama isingekuwa ngumu kuisambaza. Mafuta ya nazi yanafaa miguu na mikono mikavu, lakini si mgongo wenye chunusi. Mafuta ya mzeituni ndiyo nayakataa kwa watoto wachanga na wenye ukurutu: yana asidi ya oleiki nyingi, ambayo hulegeza kinga ya ngozi badala ya kuijenga. Ya alizeti ya kawaida, yenye asidi ya linoleiki, ni salama zaidi.

Mkorogo na krimu za kuchubua sizipangi popote. Ndani yake hukutwa haidrokwinoni (kemikali inayofifisha rangi ya ngozi), zebaki, au steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na mwasho) kali kama klobetasoli. Zebaki huharibu figo, na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, umeipiga marufuku kwenye vipodozi. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba, ichanike michirizi na kushindwa kupona vizuri. Haidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu huweza kuacha mabaka yenye weusi wa kibuluu yasiyotoka. Chupa isiyo na orodha ya viambato, au inayoahidi weupe kwa siku saba, irudishe ulipoitoa. Nakuomba, hata kama aliyekupa ni dada yako.

Chochote utakachochagua, kipake ndani ya dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na uoge kwa maji ya uvuguvugu kwa sababu maji ya moto huondoa mafuta ya asili ya ngozi. Losheni ya wastani ikipakwa kwa wakati huo huweza kufanya kazi vizuri kuliko krimu nzuri iliyopakwa saa mbili baadaye.

Anza na chupa ndogo. Paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku saba hadi kumi. Pakiwasha, pakiwa pekundu au pakitoka vipele, osha na uache. Pakitulia, nunua kubwa, na uangalie nyuma yake picha ndogo ya kopo lililofunuliwa yenye maandishi kama 6M au 12M: hiyo ni miezi ya kutumia tangu siku ulipolifungua. Mimi huandika tarehe hiyo chini ya kopo kwa kalamu.